Dramu Zilizoona Mwanga

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo asubuhi, na leo hiihii dramu tatu zimenigomea.

Naandika haya kwenye daftari langu la nyumbani. Lile la kazini linasomwa na kila anayepita, na kuna mambo ambayo sitaki yasomwe mpaka nimeyajua mwisho wake.

Mimi ni mkaguzi. Kiwanda chetu kidogo kinapaka dramu upya. Dramu ni bomba la alumini, jembamba kuliko mkono wangu, lililovikwa rangi ya buluu inayohisi mwanga. Bila hilo mashine ya fotokopi ni sanduku tu. Gizani ile rangi inashika chaji ya umeme. Ikipigwa mwanga inaiachia. Pale chaji ilipobaki ndipo wino wa unga unapong'ang'ania, na maandishi yanatokea. Rangi ikichakaa, maofisi na mashule wanatuletea dramu zao, tunazivua na kuzivika upya. Watu kumi na wanne tunaishi kwa kazi hiyo.

Anayezichovya kwenye rangi ni Mjomba, kaka yake marehemu mama. Yeye ndiye aliyenilea, yeye ndiye aliyeniingiza hapa. Kiwanda kizima kinamwita Mjomba, hata Mama Bosi, ambaye kiumri anamkaribia. Chumba chake hakina dirisha, kina taa moja hafifu ya njano, na haingii mtu bila ruhusa yake.

Anayesaga rangi ni Mkemia. Huyu ana mwezi mmoja tu hapa. Ni mwanamke wa rika langu, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Kabla ya kuja kwetu alikuwa kwa washindani wetu, ng'ambo ya mji. Alipoajiriwa sikusema kitu, ila niliweka kichwani.

Dramu tatu za leo zimetoa nakala zenye baka jeupe la duara, shubiri moja kutoka ncha ya chini, kama mtu kaweka kikombe juu ya karatasi na wino ukakizunguka. Sijawahi kuliona baka la namna hii.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imepumzika. Dramu zote safi. Mkemia amenisalimia, nimeitikia.

Ijumaa, 7 Machi

Tano leo. Baka lilelile, mahali palepale.

Mama Bosi alituita watatu mezani kwangu, akazitandaza nakala. "Ni unyevu huu," akasema. "Kila kitu kinaota ukungu, hata viatu vyangu."

"Unyevu unaleta utando kwenye rangi, hauleti baka," Mjomba akamjibu. "Na utando mimi nauona kabla haujatokea."

Tukacheka. Mkemia hakucheka. Aliishika nakala moja, akaigeuza, akasema taratibu, "Huenda zimeona mwanga."

"Wapi? Chumbani kwangu?"

"Sijasema wapi, Mjomba."

"Dramu iliyoona mwanga imekufa, mwanangu. Ukitaka kuiua unaitoa juani, basi. Nani humu anazitoa juani? Na jua lenyewe liko wapi?"

Tukacheka tena, mimi kuliko wote. Nilifurahi, sitaficha. Mtu wa mwezi mmoja anamfundisha kazi mtu wa miaka thelathini.

Zile tano nimezifungia kwenye kabati jeusi zingoje kuvuliwa. Funguo ziko mbili: mmoja wangu, mmoja wa Mkemia.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ndiyo siku niliyokuwa naiogopa bila kuijua.

Nimezitoa zile tano kabatini. Kabla ya kuzipeleka kuvuliwa nikasema nizipime tena, mazoea tu. Nne zimetoa nakala safi. Safi kabisa! Ya tano ina kivuli cha baka, cha kutafuta kwa jicho moja.

Nimezipima mara tatu. Dramu zilizokufa Ijumaa zimefufuka Jumatatu.

Maiti hawafufuki kabatini. Kuna mtu kazibadilisha. Na funguo ziko mbili.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Mjomba peke yake, nyumbani, tukila. Anaishi kwangu tangu mkewe alipofariki. Ana chumba chake, kiti chake na redio yake.

Alisikiliza huku akipapasa meza akitafuta chumvi. Nikamsogezea.

"Usimwambie mtu kwanza," akasema. "Mambo ya kiwandani ukiyatoa mabichi yatakuchafulia."

"Lakini ni yeye, Mjomba. Nani mwingine mwenye ufunguo?"

"Nimesema usimwambie mtu." Kisha akanipa simu yake nimsomee ujumbe wa umeme. "Herufi za siku hizi wameziandikia mchwa," akasema. Nikamsomea.

Ijumaa, 14 Machi

Sita. Kabla ya kuzifungia nimechukua sindano nikachora alama ndani ya kila bomba, kwenye alumini, pasipoonekana mpaka uingize kidole na ujue unachotafuta. Abadilishe sasa.

Jumatatu, 17 Machi

Tano kati ya sita ni safi leo. Nimeingiza kidole. Alama zangu zimo zote sita.

Nilikaa nikiitazama ile alama kama mtu aliyemkuta marehemu sokoni ananunua nyanya. Ni dramu zilezile. Hakuna aliyezibadilisha.

Mtu mwenye haki angeishia hapo na kumwomba Mkemia msamaha moyoni. Mimi sikuishia. Nilirudi nyumbani nikiwaza kwamba anatia kitu kwenye rangi, kitu kinachoharibu kisha kinajiyeyukia, ili tuonekane hatujui kazi na wateja warudi kwa mabosi wake wa zamani. Nilipolala nilikuwa na hakika zaidi kuliko nilipoamka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Dramu nane. Mjomba amemwaga chai kwenye redio.

Jumatatu, 24 Machi

Mteja mkubwa, wale wachapaji wa vitabu vya shule, wameandika barua. Shehena yao imechelewa mara mbili kwa sababu nusu ya dramu nazirudisha mimi. Wametupa hadi mwisho wa Aprili. Baada ya hapo watatafuta kwingine, na Mama Bosi ametuambia wazi, bila kuzunguka, kwamba wao wakiondoka atafunga mlango.

Hakuna aliyepiga soga leo wakati wa chai. Mkemia peke yake ndiye alikuwa anaandika kwenye kijitabu. Anaandika nini? Nilipopita nyuma yake alikifunga. Hapa naona aibu kidogo, maana mimi mwenyewe naandika. Lakini mimi najijua.

Jumatano, 26 Machi

Nimemwona.

Saa za kutoka, mvua ikinyesha, nilikuwa nimesimama chini ya paa la geti. Mkemia alitoka amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa kitambaa cheusi, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Gari lilikuwa linamngoja. Dereva namjua, ni wa kwa washindani. Akapanda, wakaondoka.

Nilitembea hadi nyumbani bila kufungua mwavuli.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Mama Bosi. Kila kitu: kabati, dramu zinazofufuka, kitambaa cheusi, gari. Nilisema kwa mpangilio mzuri. Huo ndio ufundi wangu, kuona kasoro na kuieleza.

Mama Bosi hakumwita ofisini. Alikuja naye kwenye ukumbi wa kufungashia, mbele ya watu wote, pengine kwa hasira, pengine kwa kuogopa kuwa naye peke yake. Akamuuliza kama jana alitoka na dramu.

"Nilitoka nayo," Mkemia akasema.

Watu wakaguna.

"Unapeleka mali yangu kwa washindani wangu?"

"Nilikwenda kuipima. Kifaa chetu cha kupima chaji kimekufa tangu kabla sijaja. Kule wana kinachofanya kazi, na fundi wake ni shemeji yangu. Ndiye aliyekuja kunichukua. Dramu nimeirudisha leo asubuhi, iko kabatini. Na niliomba ruhusa."

"Kwa nani?"

Alimgeukia Mjomba. Sote tukamgeukia. Mjomba alikuwa amekaa juu ya kasha, anajitazama viganja.

"Mjomba? Ulimpa ruhusa?"

Mvua ilikuwa inapiga bati, na nakumbuka niliwaza kwamba labda hakusikia.

"Sikumbuki," akasema.

"Mjomba," Mkemia akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilipanda, "ilikuwa juzi, mlangoni kwako. Ulisema, chukua mwanangu, pima tu."

"Mimi mzee. Sikumbuki."

Basi. Mama Bosi akamwambia aende nyumbani asubiri barua. Mkemia alivua koti lake jeupe, akalikunja vizuri, mikono kwanza kisha kola, akaweka ufunguo juu yake. Aliponifikia akasimama.

"Wewe umeziona zikipona," akaniambia. "Nilijua nilipoikuta alama yako ndani ya bomba, maana nami nazipima Jumatatu kabla hujafika. Umeziona, na hukuniuliza hata swali moja."

Akatoka bila mwavuli.

Ijumaa, 28 Machi

Wananipongeza. Mpakiaji amesema macho yangu ni ya mwewe. Chakula changu cha mchana nimempa yeye.

Jumanne, 1 Aprili

Dramu saba zenye baka.

Mama Bosi anasema ni mabaki ya rangi aliyoisaga yule. Nimekubali haraka sana.

Jumanne, 8 Aprili

Rangi yake imekwisha tangu Ijumaa. Sasa tunatumia ya akiba, iliyosagwa mwaka jana kabla hajaajiriwa, ikafungwa kwenye madebe kwa lakiri. Lakiri nimeikata mimi kwa mkono wangu.

Sita leo. Baka lilelile, shubiri moja kutoka ncha ya chini.

Sijamwambia mtu. Nimegundua kwamba kumshtaki mtu kulinichukua dakika tano, lakini kusema nilikosea kumenishinda tangu asubuhi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimefanya jaribio. Nimechukua dramu moja nzima, niliyoipima na kuipitisha mwenyewe. Nikaingia nayo stoo, nikafunga mlango, nikawasha tochi ya simu. Nikaiegemeza tochi kwenye rangi ile ya buluu, shubiri moja kutoka ncha, nikahesabu mpaka mia mbili. Nikairudisha kwenye mashine ya majaribio.

Baka jeupe. La duara. Ndilo hilohilo, ungedhani nimelipiga muhuri.

Nimeifungia kabatini.

Jumatatu, 14 Aprili

Imepona. Safi kama ilivyokuwa.

Kumbe dramu iliyoona mwanga mdogo haijafa. Imechoka tu. Chembe za rangi zimeshtuka, haziwezi kushika chaji, na ukiziacha gizani siku tatu zinarudiwa na nguvu. Jua linaua, tochi inachosha. Mkemia alilijua hilo tangu siku ya kwanza. "Huenda zimeona mwanga." Alisema maneno matatu, na sote tukamcheka.

Basi kuna mtu anazimulika. Kabla hazijanifikia, baada ya kuchovywa na kukaushwa. Na katika chumba kile anaingia mtu mmoja tu.

Siandiki zaidi leo.

Jumatano, 16 Aprili

Namtazama nyumbani kama ninavyotazama nakala.

Anamimina chai kwa kusikiliza. Sauti ya kikombe ikibadilika, anaacha. Nilidhani ni madaha ya uzee. Ngazi za nje anashuka huku midomo inacheza; anazihesabu. Shati amevaa ndani nje, na nilipomwambia akasema ndiyo fasheni.

Alianza lini? Mimi ni mkaguzi, naona tundu la sindano kwenye rangi, na mtu anayekula nami meza moja sikumwona.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimefanya jambo baya. Jioni, kabla hajaingia sebuleni, nilichukua kigoda nikakiweka katikati ya njia, mahali kisipokaa. Taa ilikuwa inawaka.

Alikuja moja kwa moja akajikwaa, akashika ukuta.

"Nani kaweka hiki hapa?" akauliza.

"Mimi, Mjomba. Samahani. Nilisahau."

Alisimama ameushika ukuta akinielekezea uso, lakini pembeni kidogo ya nilipokaa. Akasema, "Wewe husahau vitu." Akaenda chumbani kwake. Nadhani amejua kwamba najua.

Jumanne, 22 Aprili

Siku nane zimebaki kwa mteja mkubwa. Mvua ya leo imeanguka kama inayolipiza kisasi.

Baada ya chai nilikwenda chumba cha kuchovya bila kubisha. Mlango una mapazia mawili mazito, unafunua la kwanza, linafunga nyuma yako, ndipo unafunua la pili. Nililifunua la pili kidogo tu.

Mjomba alikuwa amekaa kwenye benchi, mgongo nusu kwangu. Dramu ameilaza mapajani juu ya kitambaa. Simu ameishika mkono wa kushoto, tochi inawaka, ameibana shubiri moja kutoka ncha ya chini, pale utando unapoanza kushika. Uso ameuinamisha mpaka pua inakaribia kugusa. Alikuwa anatafuta utando. Alikuwa anatafuta kwa jicho moja, akiligeuza, akilifinya, na machozi ya kulikaza yanamtoka. Akamaliza akafuta uso kwa kiwiko, akaiweka dramu kwenye sanduku taratibu, kama mtu anayelaza mgonjwa. Akachukua nyingine.

"Mjomba."

Tochi ikazimika. Hakugeuka.

"Funga pazia," akasema. "Mwanga unaingia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikafunga. Nikaketi kwenye benchi karibu naye, katika ile njano ambayo mimi naonea kila kitu.

"Tangu lini?"

"La kulia, mwaka wa pili. La kushoto lilikuwa zima. Mwaka huu nalo limeanza kuniacha pembeni, naona katikati tu, kama naangalia ndani ya bomba." Akacheka kidogo. "Kuchovya sihitaji macho. Mikono inajua. Nasikia mota, najua kasi. Shida ni mvua. Mvua ikinyesha utando unaweza kushika, na kwa taa hii siuoni. Ningekuletea dramu zenye utando, ungenirudishia. Nikasema nimulike kidogo tu."

"Ulijua ni tochi inayoleta mabaka?"

Aliigeuza dramu mapajani.

"Mjomba, ulijua?"

"Yule binti aliposema mwanga, nilijua."

"Na ruhusa?"

"Nilimpa." Alisema kama anayetema kitu. "Nilimwambia chukua, kwa sababu sikuwa na sababu ya kumkatalia. Halafu nilipoulizwa mbele ya watu, nikaona kipimo kitaonyesha nini. Nikaona mtaniuliza nini baadaye. Neno likatoka lenyewe."

"Alifukuzwa."

"Nilikuwepo."

"Mimi ndiye niliyemshtaki. Wewe ulinisikia nikimshtaki kila siku mezani, ukala, ukanyamaza."

"Nilitaka kuumaliza msimu huu tu," akasema. "Mvua ikiisha hakuna utando, hakuna tochi. Ningeomba kupumzika mwenyewe, kwa heshima yangu. Miaka thelathini, mwanangu. Nikitoka humu mimi ni kipofu anayekaa kwa mpwa wake."

Niliushika mkono wake. Ulikuwa unanuka dawa za kuyeyushia rangi, kama ulivyonuka nilipokuwa mdogo akinipeleka shule. Nikamwambia amwambie Mama Bosi mwenyewe, kabla ya Ijumaa. Akauvuta mkono wake, akaifunika dramu kwa kitambaa.

Jumatano, 23 Aprili

Hajasema.

Alhamisi, 24 Aprili

Hajasema. Wala mimi. Leo nilifika mpaka mlangoni kwa Mama Bosi, nikamwomba karatasi za majaribio, nikarudi. Karatasi zenyewe ninazo tele.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimesema mimi.

Mama Bosi alisikiliza akiwa amesimama, akakaa, akasimama tena. Kwanza aliuliza kuhusu kazi, na simlaumu. Nikamwambia dramu zote nilizozirudisha wiki hii ziko gizani na nyingi zimeshapona. Tukizipumzisha zote siku tatu kabla ya kuzipima, shehena ya mteja itatimia kabla ya mwezi kwisha. Kisha akauliza, "Na yule binti?"

"Nitakwenda kwake."

"Tutakwenda wote. Mimi ndiye niliyemfukuza."

"Acha nitangulie mimi."

Mjomba nimemwambia nyumbani, kabla hajasikia kwa mwingine. Alizima redio. "Umefanya kazi yako," akasema, na hajaniambia neno jingine. Chakula amekula chumbani.

Jumapili, 27 Aprili

Nyumba ya Mkemia iko nyuma ya karakana ya seremala, ghorofa ya kwanza. Alifungua mlango nusu, akanitazama, akaufungua wote. Hakunikaribisha kiti, nikakaa mwenyewe, kisha nikaona si adabu, nikasimama.

Nilimweleza yote. Nilipofika kwenye macho ya Mjomba akashusha pumzi.

"Nilikisia," akasema. "Nilimwona akipapasa kitasa. Ndiyo maana sikutaja tochi mbele ya watu. Nilitaka kwanza kipimo kiniambie, kisha nizungumze naye peke yake. Asiaibike."

Hilo lilinimaliza. Alikuwa anamlinda mjomba wangu wakati mimi nachunguza kitambaa chake cheusi.

"Nimekosa," nikasema. "Nisamehe."

"Unajua nini kimeniuma? Kutuhumiwa nimezoea, ukitoka kwa washindani, kila mtu anakukagua mifuko. Mmeniuliza mbele ya watu kumi na watatu. Sasa unaniomba radhi chumbani kwangu, mlango umefungwa."

"Nitasema mbele yao."

"Palepale."

"Palepale."

"Nikusikie mimi mwenyewe. Nitakuja Jumanne. Baada ya hapo nitaamua kama narudi."

Hakunipa chai. Sikustahili.

Jumanne, 29 Aprili

Ukumbi wa kufungashia. Shehena ya mteja mkubwa imetoka asubuhi, imetimia, lakini hakuna aliyeshangilia kwa sababu wote walishajua kuna jambo. Mkemia alisimama karibu na mlango, mkoba begani, kama mtu asiyekaa.

Nilisema. Nilisema nilimwona na kitambaa nikatunga hadithi nzima. Nilisema dramu zilipopona nilijua kuna kitu sikijui, na badala ya kumuuliza mwenye elimu hiyo nikamtafutia kosa jipya. Nilisema hakuiba, hakuharibu, na kwamba alipotuambia ukweli tarehe saba Machi tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Mpakiaji aliinamisha kichwa. Nilitaka kuishia hapo, maana sehemu ya Mjomba si yangu kuisema mbele ya watu.

Ndipo nikasikia kiti kikisukumwa nyuma.

Mjomba alisimama. Alikuja katikati mkono umetangulia, bila kujificha tena, akigusa kasha, akigusa bega la mtu, hakuna aliyesogea. Akasimama akauelekeza uso mlangoni, pale aliposikia Mkemia amekohoa.

"Ruhusa niliitoa mimi," akasema. "Nilikumbuka siku ileile. Tochi ni yangu. Macho yangu yamekwisha, nikaona bora liende jina lako kuliko jina langu. Mimi ni mtu mzima, mwanangu, na nimekufanyia jambo la kitoto."

Mkemia alimtazama. Kisha akaushusha mkoba begani, akauweka chini.

"Umekwenda kwa daktari wa macho, Mjomba?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ataniambia."

"Nenda kwanza kwa daktari," akasema. "Mengine tutayaongea ukirudi."

Jioni, njiani, Mjomba aliweka mkono wake kwenye bega langu ili nimwongoze. Ulikuwa mwepesi, kama wa mgeni. Lakini aliuweka.

Jumatatu, 5 Mei

Hospitali ya macho. Presha ya macho, amesema daktari. La kulia limekwenda, halirudi. La kushoto kilichobaki kinaweza kubaki, kwa matone ya asubuhi na jioni, maisha yote. Angekuja mwaka juzi tungeokoa zaidi.

Mjomba alimshukuru. Nje akaniuliza, "Leo mbingu zikoje?" Nikamwambia kuna mawingu lakini yanakatika. "Rangi gani pale yanapokatika?" Nikamwambia buluu, karibu ya dramu. Akatikisa kichwa, akajipangusa jicho kwa kiganja, lile la kulia lisiloona.

Ijumaa, 9 Mei

Mkemia amerudi kazini. Amekubali kwa masharti matatu, na Mama Bosi ameyaandika: kifaa cha chaji kinunuliwe, kila dramu ipumzike siku tatu kabla ya kupimwa, na chumba cha kuchovya kiwe chini yake, pamoja na Mjomba kama mwalimu, si mchovyaji. Hilo la tatu hakuna aliyelitegemea. Mjomba alipoambiwa akauliza, "Mwalimu wa nani?" Mkemia akamjibu, "Wangu. Mimi mikono yangu haijui kitu."

Alhamisi, 15 Mei

Jua. Dramu zote safi. Mkemia amenisalimia kwa kichwa.

Ijumaa, 23 Mei

Siku ya saba bila mvua. Nguo zinakauka kabla ya mchana.

Mkemia ameweka komeo jipya kwenye chumba cha kuchovya, kwa ndani. Leo nilikuwa na nakala za kumwonyesha, nikaenda, nikausukuma mlango kwa mazoea. Ukagoma. Kutoka ndani nilisikia mota ikizunguka na Mjomba akisema, "Punguza. Punguza tena. Hapo, hapohapo, sikiliza inavyoimba," na Mkemia akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka.

Nikabisha.

"Nani?" Mkemia akauliza.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Ameijua sauti yangu vizuri, na mimi nilijua ameijua. "Mkaguzi," nikasema.

Mota ikaendelea. Nikamsikia Mjomba anasema kitu kwa chini, na Mkemia anamjibu kwa chini, sikuelewa wanasema nini. Zamani hilo lingetosha kunikosesha usingizi wiki nzima.

"Tuna dramu mkononi," Mkemia akasema kupitia mlango. "Subiri."

Nikazishika nakala zangu kifuani, nikaegemea ukuta, nikasubiri.